Kabla ya Kwenda Kusoma Kilimo Ng'ambo: Tubebe Swali Gani?



Wengi wenu mmeniandikia tangu msikie kwamba nimekubaliwa kwenda Ubelgiji, Julai na Agosti, kwa mafunzo ya udongo na kilimo cha milimani. Maswali yenu yanafanana: "Kaka, ulipitia wapi? Karatasi gani wanaomba? Pesa ngapi?" Nitayajibu mwishoni, maana hayo ya karatasi si mengi. Lakini kuna swali moja ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Aliyeniuliza ni mama yangu.

Siku nilipopata jibu nilipanda Lemera kumwambia. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisu mkononi, halafu akasema:

"Sasa weye unaenda kujifunza kulima kwa Wazungu?"

"Ndiyo, mama."

"Na utaenda kuwauliza nini?"

Nilicheka. Halafu nikagundua sina jibu. Kwenye fomu ya maombi kulikuwa na nafasi ya kuandika tatizo la udongo wa kwetu ninalotaka kulifanyia kazi, nami nilijaza sentensi nzuri kuhusu usalama wa chakula na mabadiliko ya tabianchi. Sentensi ile angeweza kuiandika mtu wa Peru au wa Nepali. Haikuwa na Lemera ndani yake.

Basi kwa miezi mitatu nimejiandaa kwa namna nyingine: nimesoma historia. Nilitaka kujua elimu ya kilimo ilivyosafiri kati ya kwetu na kwao, nani aliibeba, na alibeba swali la nani. Haya ndiyo niliyoyapata.

Waliokuja na jibu tayari

Babu yangu alikuwa akitusimulia habari za pamba. Hakuipenda. Alisema monitere wa kilimo alikuwa anakuja na kamba, anapima kipande, anasema: hapa pamba, na hapa mihogo ya njaa. Ukichelewa kupalilia, unafungwa au unachapwa. Sisi watoto tulidhani ni ukali wa yule monitere mwenyewe. Nilipofika chuo kikuu ndipo nilijua kwamba ulikuwa mpango mzima, wenye tarehe na sahihi.

Tangu mwaka 1910 hadi 1933 kilimo cha Kongo ya Wabelgiji kiliongozwa kutoka Brussels na Edmond Leplae, profesa wa kilimo wa Leuven. Chini yake ilitoka sheria ya Februari 1917 iliyoruhusu serikali kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, hadi siku 60 kwa mwaka. Waliita ni kazi za kumwelimisha mwananchi. Mwaka 1920 ikaundwa kampuni ya pamba, COTONCO. Mfumo ulikuwa hivi: kila kampuni ya pamba inapewa eneo lake, na mkulima wa eneo hilo hana mnunuzi mwingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, siku 60 zikafika 120. Hesabuni wenyewe: theluthi ya mwaka mzima.

Sisemi kwamba wale wataalamu hawakujua kitu. Walijua mengi. Baada ya vita hiyo walitazama vilima vya Kivu, wakaona mvua inavyoteremsha udongo, wakaamuru watu wachimbe mitaro ya kukinga mmomonyoko na kupanda nyua za majani kufuata usawa wa kilima. Kitaalamu walikuwa sahihi. Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hilohilo darasani, nikapata alama nzuri. Lakini watu walichimba kwa sababu ya fimbo. Uhuru ulipofika, sehemu nyingi waliacha kuitunza mitaro ile, na nyua ziking'olewa hakuna aliyezirudisha. Kwa mtu wa wakati ule, kuacha mtaro ujifukie ilikuwa ni kuonja uhuru.

Ndiyo sababu hadi leo agronomu akifika kijijini akasema "tuchimbe mitaro", wazee wanatazamana. Si kwamba hawaelewi. Wanakumbuka.

Kitabu kuhusu bonde letu

Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, makao yake Yangambi kwenye mto Kongo. Kwetu Kivu tawi lililojulikana zaidi ni Mulungu, upande wa Kavumu, walikofanyia kazi kahawa, chai na kinkina, ule mti wa kwinini. Katika siku zake INEAC ilikuwa moja ya taasisi kubwa za kilimo cha nchi za joto duniani kote.

Mwaka 1952 INEAC ilichapa kitabu cha René Germain kuhusu mimea ya bonde la Ruzizi na mazingira yake. Ni kitabu kinene, zaidi ya kurasa 300. Kama umeandika memwari kuhusu bonde letu, jina la Germain umelikuta kwenye orodha ya vitabu vya wengine, na labda wewe pia uliliandika bila kukishika kitabu chenyewe. Mimi nilifanya hivyo, nakiri mbele yenu. Nililinakili kutoka memwari ya mkubwa wangu, naye alilitoa kwa mkubwa wake.

Fikirini kidogo. Mtu alipita bondeni kwetu, kutoka ziwani kupanda kuelekea Kamanyola, akataja kila aina ya majani na udongo inakoota. Halafu kazi yake ikachapwa Brussels. Mimea mingi iliyokaushwa ya Kongo, yenye majina ya mito na vilima vyetu kwenye karatasi zake, leo iko Meise, kaskazini ya Brussels, kwenye bustani ya mimea. Mtoto wa Luvungi au wa Sange akitaka kujua bonde lake lilikuwaje miaka sabini iliyopita, kabla mashamba hayajabana hivi, njia fupi inapita Ulaya.

Nilipoelewa hilo, safari yangu ilibadilika maana. Kumbe siendi tu kuchukua elimu ya kigeni. Naenda pia kutafuta habari za kwetu.

Walioachiwa funguo

Shule za kilimo zilikuwepo wakati wa ukoloni, lakini zilikuwa na dari. Mkongo alikuwa monitere, au kwa bahati asistanti. Mhandisi wa kilimo alikuwa Mbelgiji, mara nyingi aliyesomea Gembloux, shule iliyofunguliwa mwaka 1860, au Leuven. Chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilifungua milango mwaka 1954 tu. Tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wote waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 30, kwa nchi hii nzima unayoiona kwenye ramani.

Kwa hiyo wataalamu wengi wa kigeni walipoondoka, vituo vilibaki na wafanyakazi waliojua kupanda, kupima na kuandika namba kwenye daftari, lakini hawakuwahi kuulizwa: swali la mwaka ujao liwe lipi? Mwaka 1970 INEAC iligeuka INERA. Vituo vipo, na wako watu ndani yake wanaofanya kazi kwa moyo na mshahara unaojulikana. Ila hatukurithi vituo tu. Tulirithi pia mazoea ya kungoja swali kutoka mahali pengine.

Tazameni memwari zetu, jamani. Ni ngapi zimeanza kwa sababu shirika fulani lilikuwa na mradi? Mwaka wa mradi wa soya sote tunaandika soya. Mradi ukiisha, soya inaisha.

Waliokwenda na swali

Lakini historia haina upande mmoja. Kuna waliokwenda wakijua wanachotafuta, na mmoja wao sisi watu wa Lemera tunamjua vizuri, ingawa si wa kilimo.

Denis Mukwege alisomea udaktari Burundi, akaja kufanya kazi katika hospitali ya Lemera akiwa na nia ya kutibu watoto. Hapo Lemera akaona wanawake wanaofika wamebebwa kutoka mbali, wanakufa kwa sababu ya uzazi. Ndipo mwaka 1984 akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Alirudi mwaka 1989, na alirudi hapahapa Lemera. Yaliyofuata mnayajua: Oktoba 6, 1996, hospitali ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Yeye aliendelea Bukavu, Panzi, hadi Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Dunia inakumbuka tuzo. Mimi, kwa habari hii ya leo, nakumbuka mwaka 1984: swali lilipatikana Lemera kwanza, Angers ikafuata.

Wangari Maathai wa Kenya aliondoka mwaka 1960 kwenda Kansas, Marekani, katika lile kundi la vijana wa Afrika Mashariki waliopelekwa kusoma huko. Alisoma biolojia, akarudi nyumbani mwaka 1966. Baadaye, akifanya utafiti kuhusu kupe na magonjwa ya ng'ombe, alitazama mashambani akaona jambo ambalo utafiti wake haukumtuma: mito imejaa matope, ng'ombe wamekonda, miti haipo. Akauliza kwa nini. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya Green Belt kwa kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini. Yeye swali lake alilipata baada ya kurudi, kwa sababu alirudi na macho ya kutazama.

Tena ng'ambo si Ulaya na Marekani tu. Nchi zetu tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, zilipokuwa pamoja katika CEPGL, ziliunda taasisi yao ya utafiti wa kilimo na mifugo, IRAZ, huko Gitega, Burundi. Migomba ya ukanda wetu ilikusanywa na kutunzwa na majirani kwa ajili ya majirani. Vita vya miaka ya 1990 vilivunja mengi ya hayo. Lakini ugonjwa wa kunyausha migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001, haukuomba viza kwenye mpaka wowote. Mgomba wa Cibitoke na mgomba wa Luvungi wanatazamana ng'ambo ya Ruzizi. Basi ambaye hana nafasi ya Ubelgiji asijione amebaki nyuma. Kuna masomo Gitega, Morogoro, Kampala, na wanaofundisha huko wanalima mihogo kama sisi.

Neno la tahadhari

Kuna jambo zito ambalo sitaki kulipita. Miaka ya karibuni vijana wengi wa Afrika Mashariki wamekwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo ya vitendo. Oktoba 7, 2023, vita ilipoanza kule, Watanzania wawili waliokuwa kwenye mafunzo hayo waliuawa. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wamekwenda kujifunza mambo yaleyale tunayotaka kujifunza sisi. Siandiki hivi kuwatisha. Sisi wa Uvira tukiogopa kila penye vita hatutatoka hata chumbani. Naandika ili kila mmoja, kabla ya kutia sahihi, aulize: hapo ninapopelekwa ni wapi hasa? Nani anahesabiwa kuwa na jukumu juu yangu hali ikiharibika? Na je, hayo ni masomo, au ni kibarua kinachoitwa masomo? Kuvuna nyanya saa kumi kwa siku kunaweza kukupatia pesa halali, lakini mkataba useme ukweli wake.

Kiangazi chao na kiangazi chetu

Sasa nirudi kwangu. Wao wanasema mafunzo ya kiangazi. Neno ni moja, kitu si kimoja. Julai kwao ngano inakomaa, viazi viko shambani, jua halitaki kuzama. Julai kwetu ni vumbi, upepo, na mashamba ya kilimani yamelala. Wanaolima ni wenye kipande kwenye kinamasi au penye mfereji. Nilipoona hivyo nilifurahi. Sitakosa msimu. Naondoka udongo ukiwa umepumzika, na mvua ya Septemba itanikuta nyumbani kwa msimu wa A.

Lakini kumbe kujiandaa kulipaswa kuanza wakati mvua inanyesha. Mwezi wa tatu nilichonga vijiti 12, nikavitia alama kwa kisu, nikavipigilia katika shamba la mama, vingine juu ya kilima, vingine katikati, vingine chini karibu na migomba. Kila baada ya mvua kubwa, mdogo wangu anapima kijiti kimetokeza kiasi gani, anaandika kwenye daftari la shule. Hadi mwisho wa Mei, vijiti vya juu vilikuwa vimetokeza zaidi kwa urefu wa ukucha. Vya chini vimeanza kufunikwa. Ukucha si kitu, mtu atasema. Lakini ni mvua ya miezi mitatu tu, na udongo wa juu, ule mweusi wenye chakula cha mmea, nao hauna kina kirefu.

Na unajua unakokwenda. Aprili 2020 mito iliposhuka Uvira, Mulongwe ukaingia kwenye nyumba za watu na kuua, tulisema ni mvua. Ni mvua kweli. Lakini maji yale yalishuka na vilima ndani yake. Kilima kinachovuliwa nguo huku juu kinadai deni lake kule chini.

Basi nimefuta ile sentensi yangu ya kwenye fomu. Niliwaandikia wale wa mafunzo, nikaomba kubadilisha, wakakubali. Swali langu sasa ni hili: *Namna gani shamba la mama, lenye mteremko mkali, linaweza kushika udongo wake kwa njia ambayo yeye mwenyewe angeichagua bila kulazimishwa?* Nusu ya swali ni ya udongo. Nusu nyingine ni ya babu na monitere. Najua maprofesa watanisaidia na nusu ya kwanza. Hii ya pili, nadhani itabidi mimi niwafundishe wao kidogo.

Sasa karatasi

Niliahidi, basi kwa ufupi.

Anzeni na pasi, hata kama bado hamjapata nafasi yoyote. Mwenzetu mmoja alikubaliwa mwaka jana akakosa kwa sababu ya pasi tu. Fishi za alama za miaka yote na diplome ziwe na nakala zilizothibitishwa. Kadi ya manjano ya chanjo msiisahau, mtaulizwa kwenda na kurudi. Kwa viza, wekeni bajeti ya ndege: kutoka Uvira hakuna gari litakalokufikisha Kinshasa. Barua ya mwaliko isomwe mstari kwa mstari: nani analipa nyumba, nani analipa bima, nani analipa chakula cha Jumapili.

Na hili nalisema kwa sababu nilitaka kulifanya: msibebe udongo. Nilikuwa nimeweka ule wa shamba letu kwenye chupa mbili ndogo, wa juu na wa chini, nipime huko. Ukisoma sheria zao, udongo kutoka nchi zetu hauingii Ulaya bila kibali maalumu, kwa kuogopa wadudu na magonjwa. Nilicheka peke yangu. Zamani mimea yetu ilisafiri kwa masanduku bila kumwomba mtu. Leo chupa mbili hazipiti. Lakini sheria ni nzuri, nasi tungepaswa kuwa na yetu kama hiyo kwa vipandikizi vya mihogo vinavyoingia na magonjwa yake. Nimemwaga udongo mahali pake. Nabeba daftari la mdogo wangu.

Juzi nilipanda tena kuaga. Nilimwonyesha mama vile vijiti, nikamweleza ukucha ule. Akainama, akapima kwa kidole chake mwenyewe.

"Hiki najua," akasema. "Kila mwaka jiwe lile linatoka zaidi. Zamani tulikuwa hatulioni."

Alinionyesha jiwe lililo katikati ya shamba, ambalo mimi nimelikalia tangu utotoni nikidhani limekuwepo hivyo siku zote. Nimelipima: linatokeza sentimita 41 upande wa chini. Ndiyo namba ya kwanza kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ninalokwenda nalo.

Mama amesema nikirudi nimwambie wamejibu nini. Na kama hawana jibu, nirudi vilevile kabla ya mvua, maana kuna maharagi ya kupanda.